Miaka 50 Ndani ya Miezi 14: Historia ya Kukisia Plastiki Itanepa Kiasi Gani

Chukua kamba ya plastiki ya kuanikia nguo. Siku unayoifunga unaivuta mpaka inakaza kama uzi wa gitaa. Miezi michache baadaye inaning'inia katikati na shuka zinakaribia kugusa chini. Hakuna aliyeongeza uzito, nguo ni zilezile, na mafundo hayajafunguka. Kamba yenyewe ndo imerefuka. Au angalia rafu ya plastiki iliyobeba vitabu. Siku ya kwanza imenyooka, mwaka ukipita imejipinda katikati, na hata ukiondoa vitabu vyote hairudi kabisa ilivyokuwa.

Kiswahili kina neno zuri kwa hali hii: kunepa. Boriti ikielemewa, inanepa. Wahandisi wanaiita kripu, yaani kitu kubadilika umbo polepole chini ya mzigo ambao haubadiliki. Mimi humu nitasema kunepa na mnepo, hata pale kitu kinaporefuka badala ya kupinda, kwa sababu jambo lenyewe ni lilelile. Chuma nacho kinanepa, ila kwa kawaida mpaka kipate joto kali. Plastiki inanepa hapahapa sebuleni, kwenye joto la kawaida.

Sasa fikiria tatizo la mhandisi. Bomba la maji la plastiki linatakiwa likae ardhini miaka 50 likiwa na presha ndani yake muda wote. Huwezi kulipima kwa miaka 50 kisha ndo uanze kuliuza. Itabidi uamue leo. Utajuaje litakuwaje mwaka wa 50 wakati umelipima miezi 14 tu?

Swali hilo lina historia ya karibu miaka 200. Imejaa watu wenye subira ya ajabu, na ndani yake kuna pia vifo vya watu ambao hawakuwahi kusikia neno kripu. Tuanze na uzi wa hariri.

Uzi wa Göttingen

Mwaka 1835, Mjerumani Wilhelm Weber alikuwa mjini Göttingen akishirikiana na Carl Friedrich Gauss kupima usumaku wa dunia. Vifaa vyao vilikuwa na sumaku zilizoning'inizwa kwa nyuzi za hariri, kwa hiyo Weber alihitaji kuujua uzi vizuri: ukiupa uzito, unarefuka kiasi gani?

Fizikia ya siku zile ilikuwa na jibu la haraka. Robert Hooke alishasema tangu karne ya 17 kwamba kitu kinarefuka kulingana na nguvu inayokivuta. Ukiongeza nguvu mara mbili, kinarefuka mara mbili, na muda hauna nafasi katika kanuni hiyo. Lakini uzi wa Weber haukutii. Ulirefuka papo hapo, kisha ukaendelea kurefuka kidogo kidogo. Alipoondoa uzito ulijikunja papo hapo, kisha ukaendelea kurudi taratibu kuelekea urefu wake wa mwanzo.

Weber angeweza kusema uzi wake ni mbovu akatafuta mwingine. Badala yake aliandika kwamba hii ni tabia ya kweli ya mata, aina ya unyumbufu unaochelewa. Kuanzia hapo, ukitaka kujua kitu kimerefuka kiasi gani, ilibidi uulize swali la pili: tangu lini?

Boltzmann na kumbukumbu ya mata

Aliyefuata ni mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa mambo ya gesi na joto: Ludwig Boltzmann. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 30 tu, alitoa nadharia ya jambo hili la Weber. Wazo lake, ukilivua hesabu, ni rahisi kuliko unavyodhani.

Tuseme kila mzigo unaokiwekea kitu ni kama deni. Leo umeweka kilo 2, na kilo hizo zinaanza kuacha athari inayokua taratibu. Kesho unaongeza kilo 1, na hiyo nayo inaanza safari yake, kwa saa yake yenyewe. Ukitaka kujua kitu kimenepa kiasi gani siku ya kumi, unajumlisha: athari ya kilo 2 baada ya siku kumi, na athari ya kilo 1 baada ya siku tisa. Ukiondoa mzigo, unahesabu kana kwamba umeweka mzigo mpya wa kuelekea upande wa pili.

Maana yake ni kwamba kitu kina kumbukumbu. Hali yake ya sasa inabeba historia yote ya mizigo iliyopita, siyo mzigo wa leo peke yake. Kanuni hii ya kujumlisha inafundishwa mpaka leo, na programu nyingi za uhandisi zinaitumia ndani kwa ndani. Sharti lake ni kwamba mizigo iwe midogo. Ukikielemea kitu sana, madeni yanaanza kuingiliana na hesabu ya kujumlisha inaharibika.

Ila Boltzmann hakutatua tatizo letu la bomba. Kanuni yake inakuambia namna ya kuchanganya mizigo kama tayari unajua mzigo mmoja unafanya nini kwa miaka 50. Na hicho ndicho tusichokijua.

Plastiki yaingia, na joto lageuka saa

Weber na Boltzmann walishughulika na hariri na kioo. Plastiki zenyewe zilikuja baadaye. Leo Baekeland alitangaza Bakelite mwaka 1909. Polietilini ilipatikana Uingereza mwaka 1933 katika maabara ya ICI. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938. Ghafla vitu ambavyo zamani vilitengenezwa kwa chuma, mbao au udongo vilianza kutengenezwa kwa mata inayonepa kwenye joto la chumba.

Kwa nini inanepa? Pika tambi, zimwage kwenye sahani, kisha vuta moja polepole. Inateleza kati ya wenzake na inatoka. Plastiki ni molekuli ndefu sana zilizosokotana kama tambi hizo. Ukiivuta kwa ghafla, minyororo inashikana na kitu kinaonekana kigumu. Ukiivuta taratibu kwa miezi, minyororo inapata muda wa kujipanga upya na kuteleza. Na ukiipasha joto, minyororo inacheza zaidi na kuteleza kunakuwa rahisi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1943 Herbert Leaderman, aliyekuwa akichunguza nyuzi za viwandani, alichapisha kitabu chenye uchunguzi muhimu. Unachora mnepo dhidi ya muda, lakini muda unauandika kwa logi: saa 1, saa 10, saa 100, saa 1,000, kila hatua ikiwa mara kumi ya iliyotangulia. Ukipima uzi uleule kwa joto tofauti, michoro unayopata inafanana umbo. Ni kama mchoro mmoja uliosukumwa kushoto au kulia.

Hebu tulia hapo kidogo. Kama mchoro wa joto kali ni uleule wa joto la kawaida, umesukumwa tu, basi joto ni saa inayokimbia. Unachokiona ndani ya saa chache kwenye joto kali ndicho ambacho ungekiona baada ya miezi mingi kwenye ubaridi. Unapima vipande vifupi kwa joto mbalimbali, unavisukuma mpaka viungane, na unapata mchoro mmoja mrefu unaofika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusubiri.

Mwaka 1955, Malcolm Williams, Robert Landel na John Ferry walitoa fomula ya kusema usukume kiasi gani. Inaitwa WLF kwa herufi za majina yao. Ndani yake kuna namba mbili, 17.44 na 51.6, ambazo ni wastani wa polima nyingi zisizo na mpangilio wa fuwele. Zinaanzia kwenye joto ambalo plastiki inageuka kutoka ugumu wa kioo kwenda ulaini wa mpira. Ukipiga hesabu, kupanda nyuzi 10 tu juu ya joto hilo kunaharakisha mambo mara 680 hivi. Ndiyo, nyuzi 10 za Selsiasi. Ukiona plastiki iliyoachwa ndani ya gari juani imelegea, sasa unajua ni kwa nini mchana mmoja unatosha.

Mtu aliyesubiri miaka 26

Wakati wengine wanatafuta njia ya mkato, William Findley aliamua kusubiri. Mwaka 1944, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha kazi kuhusu tabia ya kunepa ya plastiki, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Brown. Yeye alipendelea fomula nyepesi: mnepo wote ni ule wa papo hapo, ukijumlisha sehemu inayokua kama muda uliopandishwa kwenye kipeo kidogo.

Tuone inavyofanya kazi kwa namba za mfano. Tuseme kipeo ni 0.1. Basi kila muda unapozidishwa kwa 10, ile sehemu inayokua inazidishwa kwa 1.26. Baada ya saa 1,000, yaani wiki sita hivi, imefika mara 2 ya ilivyokuwa saa ya kwanza. Miaka 50 ni saa 438,000. Baada ya hapo imefika mara 3.7 tu. Wiki sita za kwanza zimekupeleka mbali kuliko unavyodhani, na miaka yote iliyobaki inaongeza kidogo kidogo. Kwenye logi, kutoka saa 1,000 mpaka miaka 50 ni hatua mbili na nusu hivi. Kutoka saa 10,000, ambazo ni siku 417 au karibu miezi 14, ni hatua moja na nusu hivi. Hiyo ndiyo miezi 14 ya kichwa cha habari.

Lakini unajuaje kwamba fomula itaendelea kutii huko mbele? Findley na wenzake walining'iniza mizigo kwenye vipande vya PVC na polietilini, wakadhibiti joto na unyevu wa chumba, wakaacha. Miaka ikapita, wanafunzi wakahitimu wakaondoka, mizigo ikabaki. Matokeo ya miaka 26 yalichapishwa mwaka 1987. Waliporudi kwenye namba walizopata katika saa 2,000 hivi za mwanzo na kuzinyoosha mpaka miaka 26, makisio yalikaribiana vizuri na kilichotokea.

Ukiwa mwanafunzi wa uzamili unayehangaika na jaribio la miezi mitatu, mheshimu mzee huyu. Alitumia robo karne kuthibitisha kwamba wiki 12 zinaweza kutosha.

Angalia vizuri lakini alichothibitisha. Ni kwa plastiki zile, mizigo ile, joto lile, na katika chumba kilichotulia. Na aliyekuja kuonyesha jinsi masharti hayo yalivyo mazito ni Mholanzi L. C. E. Struik, wa taasisi ya TNO mjini Delft. Kitabu chake cha mwaka 1978 kilihusu kuzeeka kwa plastiki, na siyo kuzeeka kwa jua au kemikali. Plastiki ikitoka kwenye moto wa kiwandani na kupoa, minyororo yake inakuwa haijakaa sawa. Inaendelea kujibana kwa siku, miezi na miaka, na kadiri inavyojibana inanepa kwa kasi ndogo zaidi. Kwa hiyo kipande kilichotoka kiwandani jana na kile cha mwaka jana ni vitu viwili tofauti, hata kama vimetoka kwenye kalibu moja.

Struik alitoa kanuni ya vitendo: ukitaka kupima plastiki ya umri fulani kabla haijabadilika mikononi mwako, jaribio lisizidi sehemu moja ya kumi ya umri wake. Kipande cha siku 10, kipime kwa siku 1. Ukizidisha hapo, kinazeeka wakati unakipima, na ukiunyoosha mchoro wake kama kawaida unakisia vibaya.

Goti kwenye mstari

Mpaka hapa tumezungumzia kunepa. Lakini bomba lenye presha haliishii kunepa. Mwisho wake linapasuka. Hapo ndipo makisio yanapogeuka suala la uhai.

Mwaka 1953 Karl Ziegler, kule Mülheim Ujerumani, alipata njia ya kutengeneza polietilini ngumu bila presha kubwa, na muda mfupi baadaye watu wakaanza kuifanya mabomba. Jaribio lake ni hili: unajaza bomba maji, unalitia presha, unasubiri lipasuke, unaandika muda. Unarudia kwa presha tofauti. Ukichora mkazo dhidi ya muda wa kupasuka, vyote kwa logi, unapata mstari ulionyooka unaoshuka taratibu. Mkazo mdogo, maisha marefu. Vuta rula mpaka unapotaka na usome jibu.

Tatizo ni kwamba mstari ule una goti. Upande wa kwanza, bomba linanepa, linavimba kama puto, kisha linapasuka. Lakini kwa mkazo mdogo na muda mrefu kuna njia nyingine ya kufa: ufa mwembamba unaanza kwenye kasoro ndogo na kutambaa polepole ndani ya ukuta wa bomba, bila bomba kuvimba hata kidogo. Njia hii ya pili ina mstari wake, na unashuka kwa kasi zaidi. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo goti lilipo. Kabla ya goti, hakuna dalili. Rula yako inakuambia miaka mia, wakati ufa umeshaanza safari.

Ulaya walianza kuliona goti hilo mapema, kwa kupima mabomba kwenye maji ya moto ya nyuzi 80, ambako linajitokeza ndani ya muda unaosubirika. Marekani, njia ya kawaida ilikuwa kupima mpaka saa 10,000 na kunyoosha mstari mpaka saa 100,000, kwa kuamini kwamba utabaki umenyooka.

Tarehe 17 Oktoba 1994, mjini Waterloo katika jimbo la Iowa, gesi asilia ililipuka ndani ya jengo. Watu 6 walikufa na 7 wakajeruhiwa. Gesi ilitoka kwenye bomba jembamba la plastiki lililowekwa mwaka 1971, lililokuwa limepata ufa karibu na mahali lilipounganishwa na bomba kuu. Bomba hilo halikuvimba. Lilikuwa na ufa uliotembea miaka na miaka, ukisaidiwa na udongo uliokuwa ukilipinda.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti maalumu mwaka 1998. Ilisema kwamba utaratibu uliotumika nchini humo huenda uliyapa nguvu kuliko stahili yake mabomba mengi ya gesi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yaani kosa halikuwa la fundi mmoja au kiwanda kimoja. Kosa lilikuwa kwenye rula.

Leo kiwango cha kimataifa cha ISO 9080 kinadai upime kwa joto zaidi ya moja, kinadai baadhi ya vipande vikae mpaka kupita saa 9,000, na kinakulazimisha ulitafute goti. Pia kinaweka mpaka wa unyooshaji. Kwa polietilini, ukipima kwa nyuzi 40 zaidi ya joto la matumizi, unaruhusiwa kuzidisha muda mara 50. Mwaka mmoja kwa nyuzi 60 bila goti unakupa haki ya kusema miaka 50 kwa nyuzi 20. Zaidi ya hapo huruhusiwi kusema.

Gundi ya Boston

Usifikiri baada ya Waterloo somo liliingia kila mahali. Tarehe 10 Julai 2006, katika handaki la barabara mjini Boston, vipande vya zege vya dari vilianguka juu ya gari lililokuwa likipita. Ni tani 26 hivi za zege na vyuma vyake. Abiria mmoja alikufa.

Dari lile lilikuwa limening'inizwa kwa boliti zilizochomekwa kwenye matundu ya zege juu na kushikizwa kwa gundi ya epoksi. Epoksi ni polima, kwa hiyo nayo inanepa. Boliti zilipofungwa zilijaribiwa: kila moja ilivutwa kwa muda mfupi kwa nguvu iliyozidi mzigo wake wa kila siku, na ikashika. Kila mtu akaona ni salama. Lakini kipimo kile kilikuwa kinauliza "una nguvu kiasi gani leo?" Handaki lilikuwa linauliza "utavumilia mpaka lini?"

NTSB iligundua kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya aina inayokauka haraka, ambayo inanepa vibaya chini ya mzigo wa kudumu, wakati aina ya kawaida ya gundi hiyohiyo ilivumilia. Kinachouma zaidi ni kwamba vipimo vya miaka ya 1990 vilishaonyesha kuwa aina ile haifai kwa mizigo ya muda mrefu. Na mwaka 1999, kwenye handaki jirani la mradi uleule, boliti kadhaa zilionekana zimechomoza baada ya muda mfupi tu wa kubeba mzigo. Zilitengenezwa, kazi ikaendelea. Baada ya ajali walikagua handaki, na boliti nyingine nyingi zilikutwa zimeshaanza kutoka kwenye matundu yake, milimita kwa milimita.

Hapa hakukukosekana sayansi. Boltzmann alikuwa na miaka 132 kwenye vitabu, Findley alishamaliza kusubiri kwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza "tangu lini, na mpaka lini?" na kung'ang'ania jibu.

Bomba la mtaani kwako

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mabomba ya polietilini yanafukiwa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko kila siku. Ukipita mahali wanapochimba, soma maandishi kwenye bomba jeusi. Mara nyingi utakuta PE100, SDR 11, PN16.

PE100 maana yake ni kwamba kwa utaratibu wa ISO 9080 plastiki hii inatarajiwa kuhimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50. Gawa kwa 1.25 kama akiba ya usalama, unabaki na 8. SDR 11 maana yake kipenyo cha nje ni mara 11 ya unene wa ukuta. Zidisha 8 kwa 2, gawa kwa 11 kutoa 1: unapata megapaskali 1.6, ambazo ni bar 16. Ndiyo hiyo PN16. Kila kitu tulichosimulia, kuanzia uzi wa Weber mpaka goti la mabomba, kimejificha ndani ya maandishi hayo.

Ila kuna sharti ambalo halijaandikwa kwenye bomba: miaka hiyo 50 ni kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Wastani wa joto la mwaka Dar es Salaam au Mombasa ni nyuzi 26 hivi, na udongo unaolizunguka bomba unafuata wastani huo. Bomba lililowekwa juu ya ardhi, jeusi, juani, ni moto zaidi ya hapo. Viwango vya mabomba ya maji vinasema kwa nyuzi 30 uzidishe presha inayoruhusiwa kwa 0.87, na kwa nyuzi 40 kwa 0.74. Kwa hiyo bomba la bar 16 linakuwa la bar 14 hivi kwa nyuzi 30, na bar 12 hivi kwa nyuzi 40. Halitapasuka wiki ijayo ukipuuza hilo, na hapo ndipo hatari ilipo: litapita kila kipimo cha siku ya kukabidhi mradi. Deni litadaiwa miaka 20 baadaye, na atakayelipa ni mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiwa mhandisi, mnunuzi wa halmashauri, au fundi anayechagua gundi ya kushikiza kitu juu ya vichwa vya watu, uliza maswali matatu kabla ya kukubali namba yoyote ya miaka. Kimepimwa kwa muda gani hasa, kabla ya kunyoosha mstari? Kimepimwa kwa joto gani, na kitakaa kwenye joto gani? Na kilipoharibika kwenye kipimo, kiliharibika kwa namna gani: kilivimba, kilipata ufa, au kilichomoka? Muuzaji mwenye majibu atakupa karatasi. Asipokuwa nayo, anachokuuzia ni nguvu ya leo tu.